Binti ninayemhudumia anasema mtoto aliye tumboni ni wangu

Mama mshauri, shikamoo. Bwana asifiwe.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Malindi, nina miaka 38. Ndoa yetu ya kanisani imetimiza miaka 11 na hatuna mtoto. Mimba nimeshika mara tatu. Mbili zilitoka mapema, ya tatu ilifika miezi mitano na nilikuwa nimeshampa jina. Tangu hapo ni miaka sita, na tumbo limenyamaza. Mavyaa wangu si mtu wa maneno mengi, lakini kila tukikutana kwenye msiba au harusi hupata upenyo wa kusema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, huku akinitazama mimi.

Sikukaa nikalia tu. Kanisani kwetu kuna kikundi cha akina mama wanaosindikiza wajawazito wenye shida: wasichana waliokataliwa, wake waliotelekezwa, wenye selimundu, wenye presha, hata waliokuwa wameshakata shauri kuitoa mimba. Tunawapeleka kliniki, tunawapikia, tunaomba nao, na siku ya uchungu tunakesha nao. Nilijiunga mwaka mmoja baada ya kumpoteza yule wa tatu. Watu waliuliza nitawezaje kushika matumbo ya wenzangu. Niliweza. Ndiyo huduma iliyoniponya, au ndivyo nilivyodhani.

Miezi minne iliyopita tuliletewa binti ambaye nitamwita Kadzo. Ana miaka 19, kwao ni upande wa Marafa. Aliacha shule kidato cha tatu akaja mjini kufanya kazi za nyumbani. Kijana wa bodaboda aliyempa mimba alihama na kubadilisha namba ya simu. Mwajiri alipoliona tumbo akamfungashia nguo zake. Siku ya kwanza alinionyesha dawa za mitishamba alizouziwa za kuitoa, ziko kwenye mkoba, zimefungwa kwa gazeti. Sikumhubiria. Nilimpikia wali na mchuzi wa papa, akala, akalala mpaka jua la utosi la siku ya pili. Alipoamka alienda mwenyewe kuzimwaga chooni. Tangu hapo anaishi kwangu. Sasa ana wiki 31.

Alipofika wiki ya 28 kliniki walimpima presha wakaikuta 150 kwa 100. Wamempa dawa na kumwambia arudi kila Alhamisi. Kisha jioni moja, tukichambua mchicha barazani, akaniambia bila hata kuinua uso: “Mama, huyu mtoto ni wako. Mimi Mungu alinituma nikuletee tu. Nikishazaa nitaenda zangu.”

Nililia hadi nikashindwa kupika. Mume wangu hakulia, alienda dukani. Siku ya tatu yake kile chumba kidogo kilikuwa kimepakwa rangi na seremala ameleta kitanda cha mtoto. Mama mlezi wa kikundi chetu alisimama ibadani, bila kunitaja jina, akashuhudia kwamba kuna dada ambaye Bwana amemkumbuka kama alivyomkumbuka Hana, mama yake Samweli.

Sasa nifike penye mwiba. Mume wangu anataka Kadzo ajifungue kwa jina langu. Anamjua mtu anayeweza kututolea kadi nyingine ya kliniki, ili ile karatasi ya hospitali ya kumwandikishia mtoto itoke ikiwa na jina langu mimi kama mama. Anasema kuasili mtoto kwa njia ya mahakama ni miaka na pesa, na binti mwenyewe amekubali, tunamdhulumu nani? Anasema pia Kadzo asiende sana hizo Alhamisi, kwa kuwa manesi wameanza kumzoea sura. Mama mlezi naye anataka tufunge siku tatu, na Kadzo afunge pamoja nasi, ili presha ishuke. Mimi nimeanza kuvaa madera mapana. Wiki jana muuza mboga alinipongeza, nami nikaitikia “asante.”

Mambo mawili yananinyima usingizi. Alhamisi iliyopita nesi alimuuliza Kadzo amejiandaaje na mtoto, naye akanitazama mimi kwanza kabla ya kufungua kinywa. La pili, usiku wa juzi nilipita mlangoni pake nikamsikia akiongea na tumbo lake Kigiriama, anacheka kidogo kidogo. Nilisimama pale gizani. Na nilichosikia moyoni, Mama, kilikuwa wivu. Niliona kama anachezea kitu changu.

Nikimkataa mtoto huyu, si nitakuwa nimelirudisha jibu la maombi ya miaka 11? Nikimpokea, nitakuwa nimefanya nini?

Mwenye Dera Pana, Malindi

*

Marahaba, mwanangu. Amina.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale mlangoni, gizani. Ungeweza kuyaacha maneno hayo. Ungeniandikia habari ya Kadzo, ya mumeo na ya kadi, nami nisingejua. Umeyaandika kwa sababu umejisikia mwenyewe ukibadilika, na mtu anayejisikia hivyo bado hajapotea. Wivu ule si ushahidi kwamba u mbaya. Ni ushahidi kwamba katika nyumba hiyo wewe sasa una nafasi mbili. Wewe ndiye msindikizaji wa Kadzo, na wewe ndiye unayemsubiri mtoto wa Kadzo. Mpaka jioni ile ya mchicha ulikuwa na moja tu.

Kuna jambo moja lisilongoja tumalize mengine, nalo ni presha. Kuanzia wiki ya 20, presha ya mjamzito ikifika 140 kwa 90 manesi huanza kumfuatilia kwa karibu, na ya Kadzo imepita hapo. Yeye ni msichana mdogo, mimba yake ya kwanza, na hao ni miongoni mwa wanaoshikwa zaidi na kifafa cha mimba. Akiumwa kichwa kisichotulia, akiona vimulimuli au ukungu machoni, uso na mikono ikivimba ghafla, au akiumwa chini ya kifua upande wa juu wa tumbo, hapo si saa ya kuomba kwanza. Hapo ni tuktuk, hospitali, saa hiyo hiyo, na mtaomba mkiwa njiani. Alhamisi zile ndizo zinazomlinda. Asikose hata moja, wala asiache dawa.

Kuhusu kufunga, najua mama mlezi wenu anasema kwa mapenzi, na kufunga ni ibada ninayoiheshimu. Ila sisi wa Malindi tuna jeraha letu. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni Shakahola, ya watu walioambiwa kwamba njaa itawafikisha kwa Yesu, na walikuwemo wanawake na watoto. Silinganishi kikundi chenu na yale, hata kidogo. Nasema tu kwamba baada ya yale, hapa kwetu mtu akimwambia mjamzito mgonjwa asile, ana wajibu wa kusikia neno lake linavyogonga masikioni mwa wengine. Mkitaka kumfungia Kadzo, fungeni nyinyi wenye afya. Yeye apikiwe.

Sasa ile kadi. Mumeo anauliza mnamdhulumu nani. Wengi wataanza na sheria, na ni kweli kwamba kuandikisha uzazi kwa uongo ni kosa la jinai Kenya, na kwamba siku mambo yakifumuka mnaweza kujikuta mnajibu kesi ya kumtwaa mtoto wa mtu. Mimi naanzia kitandani leba. Kadi mpya yenye jina lako itaandikwa nini? Itaandikwa kwamba huyu ni mwanamke wa miaka 38 ambaye mimba tatu zimemtoka. Zile namba za presha za tangu wiki ya 28 hazitakuwemo, wala dawa anazokunywa. Kadzo akianza kutetemeka saa nane za usiku, daktari wa zamu atafungua kadi na kusoma habari za mwili wako wewe, huku mwili ulio mbele yake ni wa mtu mwingine. Umekesha na wazazi wengi, unajua mwenyewe jinsi dakika zinavyohesabika pale. Mwulize mumeo kama alilifikiria hilo. Nadhani hakulifikiria. Mwanamume aliyepaka chumba rangi kwa siku tatu hajakaa chini kupanga ubaya. Ana kiu tu, naye kayaona maji.

Na hata mzazi na mtoto wakitoka salama, lile neno “nikishazaa nitaenda zangu” linanitia hofu. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mwanamke hata siku kadhaa baada ya kujifungua. Binti mwenye presha, maziwa yamemjaa kifuani, hana mtoto mkononi, kapanda matatu ya Marafa na kadi ina jina la mtu mwingine. Kule zahanati ataeleza nini?

Umeandika kama kwamba swali ni moja, kukubali jibu la Mungu au kulikataa. Sina hakika kwamba ndilo swali. Kikundi chenu kimekupa Hana, na Hana anakufaa, kwani alilia kama ulivyolia. Lakini niliposoma barua yako aliyenijia mimi ni Hajiri. Katika Mwanzo sura ya 16 Sarai amechoka kungoja, anampeleka kijakazi wake kwa mumewe Abramu ampatie mtoto. Soma taratibu uone jambo moja: Sarai na Abramu wanapomzungumzia binti yule hawamtaji jina hata mara moja, wanamwita mjakazi tu. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika kule jangwani penye chemchemi ya maji, na anamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Sisemi wewe ni Sarai. Wewe hukumtuma Kadzo kwa mtu, ulimwokota akiwa ametupwa. Nasema maswali yale mawili yamenikaa kooni. Katika barua yako yote sijaona pahali Kadzo ameulizwa anakwenda wapi.

Alisema mtoto ni wako, ndiyo. Tutazame alisema akiwa wapi. Anakula chakula chako, analala chini ya paa lako, wewe ndiye uliyemtoa kwenye zile dawa za gazeti. Anayajua machozi yako, bila shaka amesimuliwa habari za wale watatu. Msichana wa miaka 19 asiye na senti, akitafuta cha kukulipa, ana nini? Huenda alisema kwa moyo wake wote. Huenda pia alikuwa analipa deni ambalo hukumdai. Na huenda ni yote mawili kwa pamoja, watu ndivyo tulivyo. Kisha usiku anacheka na tumbo lake kwa lugha ya mama yake. Mimi siwezi kukuambia Kadzo yupi ndiye wa kweli. Wasiwasi wangu ni kwamba wewe pia huwezi, na katika nyumba hiyo hakuna mwingine wa kumsikiliza ambaye hana la kupata.

Umesema pia, bila kusema, kwamba hana mtu. Lakini kwao ni Marafa. Hukutaja mama, hukutaja hawe wake, yaani nyanya yake. Wamefariki, au hawajaambiwa? Mabinti wengi huficha kwa kuogopa fedheha, na nyanya akishafoka siku mbili anatoa khanga ya kumbebea. Sio wote, wengine hufukuza kweli. Lakini mtoto huyo ana ukoo, na kwetu jina la mzee hurudi kwa mjukuu. Siku moja atakua aulize. Na shule je? Kidato cha tatu si mbali. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani. Sijui kama Kadzo analijua hilo. Mtu anayedhani mlango wake umefungwa anaweza kutoa mtoto kwa sababu ambazo mlango ukifunguliwa zinayeyuka.

Njia ya kuasili kihalali ipo, na umri wako haukuzuii. Ina subira ndani yake, tena subira iliyoandikwa na sheria: mtoto lazima awe amefikisha wiki sita, shirika lililosajiliwa limtangaze kwamba yuko huru kuasiliwa, mama yake mzazi atoe idhini, kisha mahakama iamue. Mumeo ana haki, inachukua muda na gharama. Hatari yake kwako ni moja na ni kubwa, kwamba katika wiki zile sita Kadzo anaweza kumtazama mwanawe usoni akakuambia, Mama, nisamehe. Utaweza kuishi katika nyumba ile siku hiyo? Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Lakini wiki sita zile ziliwekwa kwa ajili ya uwezekano huo hasa, ili anayetoa atoe kweli, na anayepokea asikae miaka ishirini akishtuka kila mlango ukibishwa.

Wapo waliochukua njia nyingine. Wakamweka binti na mtoto wake pamoja, binti akarudi shule au akafunzwa kazi (nawe una cherehani), mtoto akawa na mama wawili wa namna tofauti. Nimeliona hilo likizaa matunda, na nimeliona pia likigeuka uchungu, mama mdogo na mama mkubwa wakigombea mtoto atamwita nani “mama.” Inategemea kama yale ya mlangoni yamesemwa waziwazi, au yamefukiwa yaote. Na ipo njia ya kukabidhi usindikizaji wake kwa dada mwingine wa kikundi, ama kwenda wote wawili kwa afisa wa watoto hapo Malindi au mshauri wa hospitali, Kadzo aongee naye peke yake. Hiyo nayo ina bei. Siri itatoka mikononi mwenu, na Kadzo anaweza kudhani unamsukuma. Ingekubidi umwambie kwa kinywa chako kwamba kitanda chake hakiondoki hata akiamua nini. Je, ni kweli hakiondoki? Jiulize hilo kabla hujamwambia.

Subira huvuta heri, tunasema. Ila hatusemi heri ya nani. Miaka mitano umekuwa na subira ya ajabu na wanawake wengine: hukumhubiria Kadzo siku ile, ulimpikia ukangoja, naye akafika mwenyewe. Sasa unatakiwa kumngoja tena, na safari hii unajua kwamba anakoelekea kunaweza kukuumiza. Ni mzigo mwingine kabisa, na hakuna aliyekuandaa kwa huo, kanisani walikupigia vigelegele tu. Wala sikulaumu kwa lile dera. Mwanamke aliyepongezwa mara moja katika miaka 11 ataitikia “asante.”

Mimi mwenyewe, zamani, nilimsindikiza dada mmoja kliniki miezi mitatu, nikaja kugundua kwamba kila alipoulizwa swali nilikuwa najibu mimi. Kwa mapenzi kabisa. Aliponiambia, niliona haya mpaka leo. Tangu siku hiyo nilijizoeza kubaki nje. Alhamisi hii mkifika, jaribu kumwacha Kadzo aingie peke yake kwa nesi, wewe ukae kwenye benchi la nje na mkoba wake. Akitoka usimuulize walizungumza nini. Angalia tu kama wiki ya pili yake atakuwa bado anakutazama kabla ya kujibu.

Na mumeo, mketi naye jioni isiyo na haraka, mkiwa wawili. Simwoni akilia popote katika barua yako, ila wale watatu walikuwa wake pia. Nadhani rangi ile ya chumba imefunika mengi. Kabla hamjaongea habari za kadi, ongeeni habari za mimba ile ya miezi mitano, ambayo inaonekana ilipita bila tanga wala matanga, mtu akarudi kwenye cherehani yake na mwingine kazini kwake.

Niandikie tena, hata iwe mistari miwili, uniambie presha ya Kadzo imefika ngapi. Umesema yule wa tatu ulikuwa umeshampa jina. Niandikie na hilo jina.